Makaa Ndani ya Kikombe Cheupe

Kijana akija kuniuliza kamera gani ya video anunue, mimi humuuliza kwanza kama kwao wanapikia makaa. Wengi hucheka. Wanadhani uzee umenipanda kichwani. Huwangoja wamalize, kisha nawaambia wachukue makaa mawili matatu, wayatie ndani ya kikombe cheupe cha bati, kile chenye mstari wa buluu mdomoni, wakiweke karibu na dirisha, wakipige picha. Ukiona makaa yamekuwa doa moja jeusi, irudishe kamera ulikoitoa. Ukiona kikombe kimewaka weupe mpaka ule mstari umepotea, irudishe vilevile. Kamera ya kununua ni ile inayokuonyesha nyufa za makaa na mstari wa buluu kwa wakati mmoja. Mengine yaliyoandikwa kwenye boksi ni ya kuuzia.

Jina langu ni Nyaguthii, ingawa kuanzia Kangari mpaka Timau watu waliniita Mama Kamera. Nilistaafu wakati ninyi mlipoanza kubeba kamera ndani ya simu na kila mtu akawa fundi. Sina kinyongo. Nawaandikia kwa sababu mnaniuliza mambo ya kamera kana kwamba ni mambo ya kamera tu. Mimi ninayo picha moja safi, safi kuliko zote nilizowahi kupiga, na nikiikumbuka machozi hunitoka, wala si kwa uzuri wake.

Hilo la makaa nilifundishwa na Mzee Gathogo. Alikuwa na studio mjini Nyeri, ghorofani, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, na mimi nilimfanyia kazi tangu nikiwa msichana wa kusafisha picha kwenye chumba cha giza. Alikuwa mfupi, mkali, mwenye kifua kibovu kilichoharibiwa na dawa za filamu. Alikuwa amewapiga picha za vitambulisho watu wa pande zote za mlima, na miaka yote hiyo aligombana na watengenezaji wa kamera juu ya jambo moja tu.

"Sisi ni watu weusi," alikuwa akisema, "na siku kubwa tunapenda kuvaa nyeupe. Huyo alitengeneza hii kitu hakuwa anatufikiria."

Ndivyo ilivyo. Kamera ikiachiwa ijiamulie mwanga, kitu cheupe ndicho huitawala. Ikiona gauni la harusi au leso nyeupe, hufumba jicho lake ili nguo isiungue, na sura iliyo juu ya nguo hiyo inazama gizani. Nilijifunza hayo kwenye harusi moja ya Timau. Kanisa lilikuwa jipya, kuta zimepakwa chokaa, madirisha makubwa yanaangalia mashamba ya ngano, na mimi nimebeba begani ile kamera yetu ya zamani ya kanda kubwa. Bwana harusi alikuwa mweusi tititi, kijana mzuri kwelikweli. Tulipoicheza kanda nyumbani kwao tuliona suti ikitembea peke yake kuelekea madhabahuni, na mara mojamoja meno. Nyanya yake alisogea karibu na televisheni akauliza, "Na huyu wetu alifika saa ngapi?" Nyumba nzima ikaangua kicheko, hata bwana harusi mwenyewe. Kwenye harusi watu husamehe, kwa sababu mwenye sura yupo, amekaa pale anakula.

Kwenye mazishi mwenye sura hayupo. Na miaka hiyo ya tisini tulizika. Kwenu ninyi mliozaliwa baadaye ni vigumu kuelewa jinsi tulivyozika. Kulikuwa na ugonjwa ambao hatukuutaja. Tulisema tu kwamba marehemu ameugua kwa muda mrefu, kisha tukaangalia chini. Walikuwa walimu, madereva, makarani, watu wa umri wangu. Harusi zilikosa Jumamosi kwa sababu ya mazishi. Familia nyingi zilitaka video, na desturi yetu mnaijua: mshika kipaza sauti anaita watu kwa makundi waje kusimama kando ya jeneza wapigwe picha. Wazazi, ndugu, watoto, watu wa kanisa, wenzake wa kazini. Nilisimama mbele ya makundi hayo mara nyingi mno, mpaka nikaanza kutambua, katika kundi la leo, nani atakayelala ndani ya jeneza mwaka ujao. Nilijichukia kwa kutambua.

Hivyo ndivyo nilivyomjua Mwalimu Muthoni wa Endarasha. Tulipiga video ya mazishi ya mumewe, siku ya upepo ule wa Kieni unaokata masikio, jua kali na vumbi. Baadaye alikuja mwenyewe studio kuichukua kanda. Kwetu mteja hakuondoka na kanda kabla ya kuitazama papo hapo, kwenye televisheni yetu, ili asirudi kesho na malalamiko. Akaketi kwenye benchi, amevaa sweta juani, na sweta ilikuwa ya mtu mnene kuliko yeye.

"Simamisha hapo," akasema.

Nikasimamisha. Ilikuwa picha ya familia kando ya jeneza.

"Huyo wa katikati ni nani?"

"Ni wewe, mwalimu."

"Mimi naona leso."

Alikuwa na haki. Leso yake nyeupe ilikuwa inawaka, na chini ya leso palikuwa na kivuli chenye mabega. Mzee Gathogo akaanza kumweleza habari za jua la mchana na udhaifu wa kamera. Mwalimu akainua mkono kidogo, vile walimu hufanya mtoto akianza kujitetea.

"Sijakuja kugombana, Mzee. Nataka kuuliza kitu ingine. Mkinunua kamera ingine, hiyo ya kisasa watu wanasema, inaweza kunionyesha mimi?"

"Inategemea ni gani," Mzee akajibu.

"Basi mchague vizuri. Niko na msichana, anaitwa Nyawira. Hata nasari hajaanza. Mimi baba yangu alikufa nikiwa kama yeye, na saa hii siwezi kukuambia hata pua yake ilikuwa aje. Nataka Nyawira akue akijua sura yangu. Si leso."

Hakusema kwa nini alikuwa na haraka ya kukumbukwa, na hatukumuuliza. Macho hayana pazia. Tulikuwa tumeona sweta. Alipoondoka, Mzee alikaa akiitazama ile picha iliyosimama kwenye televisheni mpaka mashine ikajizima yenyewe.

Kamera za kidijitali zilikuwa zimeanza kufika Nairobi, zile za kanda ndogo inayokaribia ukubwa wa kiberiti. Mzee alikuwa akijiwekea akiba kwa ajili ya moja, na sasa akaona siku imefika. Tulishuka Nairobi sisi wawili, yeye na mkoba wake wa ngozi, na ndani ya mkoba kikombe cha bati, makaa yaliyofungwa kwenye gazeti, na kanda mpya ambayo haijaguswa.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye tai nyekundu na maneno mengi. Akatuletea kamera ndogo ya fedha, ubavuni imeandikwa tarakimu kubwa za rangi.

"Hii, mzee, inavuta mpaka unaona mwezi kama uko hapo mlangoni."

"Kwa mwezi hakuna mteja," Mzee akasema, na akaanza kufungua gazeti lake.

Hapo, vijana, kuna la kushika. Lenzi ikivuta kitu karibu, hiyo ni kazi ya kweli. Lakini zile tarakimu kubwa za ubavuni si za lenzi, ni za kompyuta iliyo ndani, nayo huchukua picha ileile na kuitandaza, kama unavyotandaza chapati iwe pana. Unga hauongezeki. Mkiona tarakimu kubwa, ulizeni ile ndogo iliyoandikwa karibu yake kwa aibu, ndiyo ya lenzi.

Yule kijana alitazama makaa yakiwekwa kwenye kikombe juu ya meza yake ya kioo, akamwita mwenzake aje aone. Mzee hakuwajali. Alipiga picha, kijana akamfungulia ile skrini ndogo ya pembeni, inayofunguka kama mlango wa kabati na kugeuka kokote utakako. Kwenye skrini ile kila kitu kilikuwa kizuri. Makaa yalimetameta, kikombe kilipendeza, hata kidole cha Mzee kilionekana cha kijana.

"Si unaona?" kijana akasema.

"Hii ni jirani mwenye adabu," Mzee akamjibu. "Haiwezi kukuambia ukweli. Washa televisheni."

Ikawashwa, kwa kusitasita. Na kwenye televisheni makaa yakawa doa. Mzee alipolazimisha mwanga uongezeke, doa likajaa chembechembe zinazotembea, mfano wa uji unaoanza kuchemka, na mstari wa buluu ukapotea. Tai ya yule kijana, aliyesimama nyuma ya kikombe, ilivuja wekundu mpaka shingoni mwake. Kamera nzuri humwachia kila mtu rangi yake mahali pake. Mzee akaifunga na kuirudisha.

Ya pili ilikuwa nzito kidogo na haikuwa na majigambo. Ndani yake kulikuwa na vipande vitatu vya kupokea mwanga, kimoja kwa kila rangi, badala ya kimoja kinachofanya kazi zote. Lenzi yake ilikuwa na mdomo mpana. Tulisogeza kikombe mpaka kona ya duka, kwenye kivuli, tukapiga. Kwenye televisheni nikaona nyufa za makaa. Nikaona majivu kidogo kwenye ncha ya kipande kimoja. Nikaona mstari wa buluu, na mahali ulipobanduka. Mzee Gathogo alitabasamu, jambo ambalo hakulifanya hovyo.

Kisha tukaambiwa kwamba hiyo ya onyesho imekwisha lipiwa na mtu mwingine. Zingine zingekuja na shehena, pengine baada ya mwezi, pengine zaidi.

Tulibishana palepale nje ya duka, watu wakitupita.

"Mzee, tuchukue ile ya kwanza. Mwalimu hawezi kungoja. Si uliona vile sweta inamkaa?"

"Niliona."

"Sasa?"

"Sasa tukimpiga na ile ya kwanza atakuwa leso tena. Na hiyo kazi, Nyaguthii, haina kurudia."

Nilirudi Nyeri nimenuna njia nzima. Haraka haraka haina baraka, watu husema, lakini methali hiyo haikutungwa na mgonjwa. Shehena ilichelewa. Kila aliyeshuka kutoka Endarasha kuja sokoni alipitia studio na salamu zilezile: mwalimu anauliza kama kamera imefika. Mwanzo zililetwa na walimu wenzake. Baadaye zikawa zinaletwa na jirani, kwa sababu mwalimu alikuwa ameacha kwenda shuleni. Mzee alijibu, "Mwambie bado kidogo," na akapanda kwenye chumba cha giza ambacho siku hizo hakikuwa na kazi tena, akakohoa humo peke yake. Sijui mpaka leo nani kati yetu alikuwa na haki. Yeye alilinda picha, mimi nilitaka tuwahi sura, na vyote viwili vilikuwa vya mwalimu.

Kamera ilipofika tuliijaribu kwa makaa tena, maana duka linaweza kukupa kitu tofauti na ulichoonyeshwa. Ilikuwa ileile. Kifua cha Mzee kilikuwa kimembana wiki hiyo, na baridi ya Endarasha ingemuua, kwa hiyo nilikwenda peke yangu.

Mama yake mwalimu alinipokea langoni. Alikuwa mama wa makamo aliyejifunga shuka kiunoni, mikono imejaa udongo wa viazi. Alinishika kiwiko kabla sijafika mlangoni.

"Ameisha mwili. Usishtuke mbele yake, tafadhali. Na kile kioo cha ukutani nilitoa, asijione. Usimpatie kioo."

"Sitampa, mama."

"Mtoto nimempeleka kwa jirani. Alisema hataki alie kwa video."

Nilifundishwa na Kangari kuwa na subira nikiingia nyumba ya watu. Kule kwenye majani chai, ukitoka kwenye ukungu ukaingia moja kwa moja jikoni penye moto, lenzi inatoka jasho, na ukiipangusa kwa pembe ya nguo umeiharibu. Unaiacha ijizoee. Kwa hiyo nilimsalimia mwalimu, nikaketi, tukangoja lenzi. Nililaza macho yangu kwenye kamera kuliko kwake. Alikuwa ameketi kwenye kitanda, amevaa blauzi yake ya shuleni na leso ileile nyeupe, na uso wake ulikuwa umebaki mifupa na macho.

"Hiyo leso tuitoe, mwalimu?" nilimuuliza. "Ndiyo ilituharibia siku ile."

"Hapana. Wacha tuone kama mlichagua vizuri."

Basi nikafanya kazi yangu. Nilitoa shuka jeupe lililokuwa nyuma yake nikatundika blanketi ya kahawia. Nilimsogeza mpaka dirishani, ubavu wa uso ukielekea mwanga, kwa sababu mwanga wa mbele huubapaza uso na wa nyuma huuzamisha. Nilimshikisha karatasi nyeupe ili kamera ijue weupe wa chumba kile ni upi, la sivyo ngozi hugeuka kijani au manjano. Niliinyang'anya kamera uamuzi, nikafungua mwanga kwa mkono, polepole, mpaka shavu likatokea, na kope, na mstari wa mdomo, na leso bado ikabaki nguo yenye nyuzi, si moto. Makaa na kikombe. Nilisikia furaha, niwaambie ukweli. Nilisikia furaha ya kazi ndani ya chumba kile, na mara ikaniaibisha.

Ili nione vizuri nilikuwa nimeifungua skrini ndogo. Nilipokuwa nikiinamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, skrini ikazunguka, ikamwelekea yeye. Mama yake, aliyesimama mlangoni, akashika mdomo. Nilinyoosha mkono kuigeuza.

"Wacha hapo," mwalimu akasema.

Alijitazama. Nje kuku walikuwa wanaparuza kwenye matandazo ya mahindi.

"Mama," akasema mwishowe, "mbona ulinifichia kioo? Sijaharibika vile nilikuwa nafikiria."

Nilikuwa najua skrini ile ni nini. Jirani mwenye adabu. Ilikuwa imemrudishia mashavu, imempaka mng'ao, imemfanya mdogo na mzuri kwa upana wa kiganja. Lakini nani angemwambia? Kipya kinyemi, ingawa kidonda, na yeye alikuwa na kidonda cha kumtosha. Akainyoosha leso yake akijitazama. Akalamba midomo. Akaketi wima, kama mtu aliyesikia kengele ya darasa.

"Anza," akaniambia.

Alizungumza na Nyawira. Sikumbuki yote na mengine si yangu kuyasimulia. Hakusema mambo makubwa. Alimwambia asikatae maziwa, hata yenye utando. Alimwambia nywele zake ni ngumu upande mmoja kama za baba yake, azichane zikiwa na maji. Alimwambia akifika darasa la tatu hesabu zitakuwa ngumu, kila mtu hulia darasa la tatu, asiogope, darasa la nne huwa rahisi kidogo. Na muda wote alipokuwa akisema alikuwa akiangalia ile skrini iliyokuwa ubavuni mwa kamera.

"Mwalimu, angalia hapa kwa lenzi," nilimwambia kwa upole.

"Ee, nimekusikia."

Akaangalia lenzi, sekunde tu, macho yakarudi pembeni. Nikamwambia tena, yakaja, yakarudi. Ningeweza kuikunja ile skrini. Ilikuwa kazi ya kidole kimoja. Lakini alikuwa akijitazama kama mtu anayemwona rafiki yake wa siku nyingi akitoka mbali, na mimi sikuweza kumfukuza huyo rafiki. Hata leo nisingeweza.

Alizikwa kabla ya mvua za masika, kando ya mumewe. Nilipiga mazishi hayo kwa kamera ileile. Mshika kipaza sauti aliita watoto wa marehemu, akaja Nyawira peke yake, amevaa soksi nyeupe, akasimama mahali alipoelekezwa. Sura yake ilitoka vizuri sana.

Mzee Gathogo aliitazama ile kanda ya nyumbani siku niliyorudi nayo. Aliketi kwenye benchi la wateja. Alitazama mpaka mwisho, kisha akasema, "Picha ni safi."

"Ndiyo, Mzee."

"Anaangalia wapi?"

"Ile skrini. Ilimgeukia, akajipenda."

Hakunilaumu. Alivua miwani, akaipangusa, na alipomaliza kuipangusa akaendelea kuipangusa. Tulikuwa tumejaribu kila kitu kwenye kamera ile, rangi, kivuli, kona, na wote wawili hatukuwahi kusimama mbele yake tuone anayepigwa ataona nini. Mzee alifariki miaka michache baadaye, kifua hichohicho, na kikombe chake ninacho.

Nilimpelekea mama yake mwalimu nakala ya kanda kubwa, ya kuchezwa kwenye mashine za kawaida. Alitazama kidogo tu nyumbani kwa jirani mwenye televisheni, akasimama. Kwenye televisheni hakukuwa na adabu. Kila mfupa ulikuwa pale. Alinirudishia mkononi. "Huyu si mtoto wangu," aliniambia. "Huyu ni ugonjwa wake. Kaa nayo mpaka mwenyewe akuje." Nilikaa nayo. Nyeri yetu ina unyevu na ukungu wa kuvu huingia hata ndani ya lenzi, kwa hiyo niliiweka ile kanda ndogo kwenye mkebe wa biskuti pamoja na mchele uliokaangwa wa kunyonya unyevu, nikawa nabadilisha mchele kila baada ya mvua. Kamera niliitunza pia, si kwa kupiga, ila kwa kuichezea kanda hiyo moja.

Juzijuzi mwenyewe alikuja. Nilimfungulia mlango nikashikwa na baridi, maana amefika umri wa mama yake, na uso ni ule wa kabla ya sweta kumpwaya.

"Shosho, mimi ni Nyawira wa Endarasha. Shosho yangu, mama yake mum, alituacha mwezi uliopita. Aliniambia uko na kanda ya mum."

Nilimpa chai. Nikaunganisha kamera na televisheni, vidole vyangu vya uzee vikihangaika na waya, na nikaomba Mungu mashine isikatae. Haikukataa. Picha ilitoka kama jana: nyuzi za leso, mpasuko mdogo kwenye mdomo wa chini, mwanga wa dirisha kwenye shavu. Nyawira hakulia. Alitazama mikono imelala mapajani, mbele kabisa, karibu na kioo cha televisheni.

"Anafanana na mimi," akasema.

"Sana."

Kisha akainamisha kichwa.

"Anaangalia nani?"

Nilifikiria kumwambia jambo lingine. "Anajiangalia," nilisema. "Kulikuwa na skrini ndogo upande huu, alikuwa anajiona."

"Alikuwa anajiona aje?"

"Mzuri. Alijiona mzuri."

Akaitikia kwa kichwa. Halafu akakisogeza kiti chake kidogo kushoto, upande ambao macho ya mama yake yalielekea, akatazama. Akakisogeza tena. Televisheni ni kitu bapa. Macho yaliyopigwa pembeni yatakupita pembeni hata ukae wapi. Nilijua hilo, ndiyo kazi yangu ya maisha, na sikuwa na moyo wa kumwambia. Mama yake alikuwa amefika kwenye hesabu za darasa la tatu, anamwambia asiogope. Nyawira alikisogeza kiti tena na tena, mpaka bega lake likagusa ukuta.